Mguu wa Shemasi Tarver

Shemasi Hosie Tarver tulimzika Jumamosi. Jumatatu asubuhi nikafungua kompyuta ya maabara na kukuta ametembea hatua mia mbili na kumi na mbili.

Nilidhani macho yananidanganya. Nikafuta miwani kwa upindo wa shati, nikasoma tena. Jumapili, siku moja baada ya maziko, saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, hatua mia moja na tisini. Jumatatu, saa ile ile, mia mbili na kumi na mbili. Kabla ya hapo palikuwa na siku sita tupu, tangu alipoanguka jikoni kwake na kikombe cha kahawa mkononi mpaka tulipomfukia. Siku sita hakwenda popote, kama inavyompasa maiti. Kisha akaanza tena.

Mimi si mtu wa mambo ya mizimu. Mimi ni fundi. Jina langu Alonza Pruitt, na kwa miaka ishirini na sita nimekata na kuchonga vyuma katika maabara ya uhandisi wa tiba ya Chuo cha Tabor, hapa Alabama, chuo ambacho babu zetu walikijenga kwa matofali waliyoyafyatua wenyewe kwa sababu vyuo vya Wazungu havikutaka kuwaona. Mguu wa bandia uliotutumia hesabu ile niliutengeneza mimi. Hakuna skrubu nisiyoijua. Lakini asubuhi ile kahawa yangu ikapoa mezani bila kuguswa.

Miguu ya bandia ya dukani imetengenezwa kwa ajili ya watu wa lami. Ukiingia nayo kwenye udongo wetu mwekundu siku ya mvua, inanasa, unaanguka, unaamka na tope mdomoni, na kesho yake unauacha mguu nyuma ya mlango na kukaa kitini mpaka ufe. Mama yake Daktari Verlean Mosby, mkuu wa maabara yetu, alikaa kitini miaka kumi na mmoja. Huku kwetu kisukari kimekata miguu nyumba kwa nyumba, na hakuna anayeshangaa tena.

Daktari Mosby alibuni mguu wenye kifundo kinacholegea kwenye tope na kukaza kwenye ngazi. Alikuwa nao kwenye karatasi miaka tisa. Mara saba aliomba fedha za utafiti, na mara saba jibu lilirudi na adabu nyingi: wazo zuri sana, lakini mashine yenu ya kupimia iko wapi? Chuo kikuu cha jimbo, mwendo wa saa moja kwa gari, kina mashine hiyo. Inaukandamiza mguu chini na kuuinua, kutwa kucha, mara milioni, bila mtu. Sisi hatukuwa nayo. Fedha za kuinunua hatukupewa kwa sababu hatukuwa na matokeo, na matokeo hatukuwa nayo kwa sababu hatukuwa na mashine. Ukilifikiria jambo hilo kwa muda mrefu utajikuta unawatukana watu usiowajua. Mimi niliwatukana kila Ijumaa.

Mwishowe ofisi moja kule Washington ikalegea kidogo. Tengenezeni mguu mmoja, walisema, mpate mtu mmoja autembelee siku mia na themanini. Ukistahimili, tutakuja kuuona, na mtapata fedha za miaka mitano: mashine, wanafunzi, miguu ya watu thelathini ya kuanzia. Usipostahimili, basi. Rais wa chuo naye alishatuambia kwamba tukikosa safari hii, chumba chetu kinageuzwa ghala la viti vya mahafali.

Chuo kikuu cha jimbo kilikuwa na mashine. Sisi tulikuwa na Shemasi Tarver.

Siku ya kumvalisha alikaa juu ya meza yangu ya kazi, kigutu cha mguu wake wa kushoto kimeelekea dirishani, kofia amejipakatia.

"Wewe Alonza," akasema, "baba yako alinitengenezea kiti mwaka wa sabini na nane. Kikavunjika Jumapili hiyo hiyo, mchungaji yuko juu yake."

"Baba alikuwa seremala, Shemasi. Mimi ni fundi wa vyuma."

"Damu si ile ile? Nikianguka kanisani nitasimama nitangaze ni wewe."

Hakuanguka. Alipiga hatua tatu, akageuka, akapiga tatu nyingine, na kila kisigino kilipogusa sakafu kifundo kikatoa mlio mdogo nyuma yake: kwii. Ule mlio uliniudhi. Nilifungua kifundo mara nne, nikatia grisi, nikabadilisha mpira, wapi! Haukutoka. Shemasi akaniambia niuache, kwamba Ruthell, mke wake, atakuwa anajua yuko chumba gani.

Ndani ya kisigino niliweka kipimo kidogo cha kuhesabu hatua na uzito unaokanyaga. Kisanduku cheupe, kilichochomekwa ukutani jikoni kwake, kilipokea hesabu hizo na kututumia. Daktari Mosby alipotoka kwenda kuchukua fomu, Shemasi akanishika kiwiko.

"Hospitali walipoukata wangu niliwaomba wanipe nikauzike. Unajua walinijibu nini? Wameshauchoma. Pamoja na takataka."

"Pole, Shemasi."

"Sitaki pole. Mjomba wangu Lemuel alikatwa mkono kiwandani, pale kwenye mbao. Tukautia kwenye boksi la sigara, tukauzika. Miaka thelathini baadaye akaufuata, akaenda mzima. Mimi nitaendaje? Nikirukaruka mbele ya Bwana?" Akanikaza kiwiko. "Niahidi. Nikifa, nazikwa na huu."

"Ni mali ya chuo. Umetia sahihi mwenyewe."

"Sijakuuliza ni mali ya nani."

Nikaahidi. Mtu wa mbali atasema ni ushamba. Mtu wa mbali hajasimama kwenye makaburi ya kina Tarver akayaona yale matatu yaliyobonyea katikati kwa sababu hayana mtu ndani. Bibi yangu alikuwa akituita nyumbani mapema ili madaktari wa usiku wasitukute njiani, na tulimcheka, mpaka tulipokua tukasoma kwamba walikuwepo kweli: watu wa mkokoteni waliofukua wafu wetu wabichi na kuwauza kwenye shule za udaktari wakapasuliwe. Ndiyo maana mtu wa kwetu akiombwa kiungo chake na mtu wa koti jeupe, kwanza huuliza kitarudi lini.

Alikufa siku ya mia na hamsini na tisa. Bi Ruthell akaja maabara na kofia yake ya msiba, akasema Hosie aende na mguu wake. Daktari Mosby alikuwa na haki ya kukataa. Alijifuta macho, akasema sawa mama, aende nao, tutaandika siku tulizo nazo na tuone watasemaje. Mimi niliuosha mguu, nikaupeleka mwenyewe kwa mwenye nyumba ya mazishi. Kanisani jeneza lilifunguliwa upande wa kifuani tu, kama desturi. Upande wa miguuni haufunguliwi. Niliutazama ule upande uliofungwa nikajiambia ahadi yangu nimeitimiza.

Halafu ndiyo ikaja Jumatatu hiyo.

Nilimwita Daktari Mosby. Akasimama nyuma ya kiti changu, mkono mdomoni.

"Kisanduku kimeharibika," akasema.

"Kisanduku hakitungi, Daktari. Kinasema kilichosikia."

"Kutoka kaburini?"

"Kaburi liko maili mbili kutoka pale jikoni. Kisanduku hakisikii kupita uani."

Nikamwonyesha safu ya pili, ile ya uzito. Shemasi alikuwa mtu wa ratili mia mbili na kumi. Huyu anayetembea sasa alikuwa na ratili tisa, mara chache kumi na moja.

"Nani ana uzito wa ratili tisa?" akauliza, kwa sauti niliyotamani nisingeisikia.

Nilijua bibi yangu angemjibu nini.

"Usimwambie mtu," akasema.

Sikumwambia mtu. Na kila asubuhi, saa ile ile, hatua zikaja. Nikaanza kuusikia mlio wangu mchana kweupe: nikiwa kwenye mashine ya kukerezea, nikiwa nakula, nikiwa chooni. Kisigino, kisha kwii, kwenye korido, upande wa pili wa mlango. Nikifungua, sakafu tupu. Nikapungua mpaka mkanda ukahitaji tundu jipya. Lakini kilichonitisha zaidi ya hatua zenyewe ni kwamba Daktari Mosby alikuwa anazihesabu kama siku zetu za majaribio. Siku moja, akijimiminia kahawa, akasema taratibu, "Mia na sabini na mbili," akatabasamu, kisha akaniona namtazama, akageuza uso.

Siku ya mia na sabini na tano, Jumatatu, nikapiga moyo konde. Nikanunua mfuko wa karanga za kuchemsha ili nisiende mikono mitupu, nikaendesha mpaka kwa Bi Ruthell. Jua la Juni lilikuwa limeshachomoza. Dari la baraza lake limepakwa buluu, kama mabaraza yote ya wazee huku, ili mizimu isiyoalikwa isivuke. Nikaweka mguu kwenye ngazi ya kwanza, na kutoka ndani nikausikia.

Kisigino. Kwii. Kisigino. Kwii.

Nikashika nguzo, nikachungulia kwenye mlango wa wavu.

Bi Ruthell alikuwa amepiga magoti sakafuni, kofia ya kulalia kichwani, mguu wa bandia ameushika kwa mikono miwili, anausukuma kutoka jikoni kuelekea mezani. Anauinua, anaukandamiza, anauinua. Midomo yake ilikuwa inahesabu. Kidole gumba cha mguu wake wa kulia kilikuwa na bendeji chafu.

"Mia na arobaini na moja," akasema bila kugeuka. "Ukiniongelesha nitapoteza hesabu. Ingia ukae."

Nikaingia, nikakaa. Alimaliza hatua mia mbili. Kisha akashika ukingo wa meza, akajiinua, akakaa mbele yangu akihema.

"Bi Ruthell, umefanya nini?"

"Nimemaliza kazi ya mume wangu. Tena sijamaliza. Bado siku tano."

"Lakini tulimzika nao!"

"Mlimzika na kiatu kilichojaa magazeti. Nilimwambia yule bwana wa mazishi atoke nje nimuage mume wangu. Akatoka. Hodari wa kutoka, yule, ukimlilia kidogo."

"Kwa nini, mama?"

"Kwa nini!" Akanitolea macho. "Hosie miaka arobaini kiwandani hakukosa zamu hata moja. Alisema mia na themanini. Wewe hao wa Washington huwajui? Wakiona mia na hamsini na tisa watasema, ah, hao ndivyo walivyo, hawamalizi kitu. Verlean mimi nimemfundisha shule ya Jumapili, tangu hana meno ya mbele. Wamemrudisha mara saba. Sikubali arudishwe ya nane kwa sababu Hosie kaamua kufa mapema."

Nikamenya karanga, nikampa, akakataa. Akainama kwangu, na sauti yake ikashuka.

"Ila hajafurahi, Alonza. Anakuja."

"Nani?"

"Nikimaliza tu, anakuja. Nasikia kiatu kimoja barazani. Kiatu, kisha kimya, kisha kiatu. Anarukia ule mmoja, anashikilia nguzo. Kuingia hawezi, buluu ile nilipaka kwa mkono wangu. Namwambia, subiri kidogo, Hosie. Siku tano tu. Namnyima mguu wake, mwanangu. Miaka hamsini na mbili sijawahi kumnyima kitu."

Akalia. Nami nikaushika mkono wake, na katika kule kulia kwake tukabaki wote wawili tunasikiliza. Friji ilikuwa inanguruma. Kisha ubao wa baraza ukalia, mara moja, karibu na mlango. Najua mbao hulia zikipata jua. Najua pia kwamba sikuinuka kwenda kutazama.

Jumamosi, siku ya mia na themanini, akauleta mguu maabara mwenyewe, ameufunga kwenye foronya. "Waonyeshe," akasema. "Wakishauona, umpelekee mwenyewe. Uliahidi, aliniambia." Nikaufungia kwenye kabati la vifaa.

Jumatatu nikamweleza Daktari Mosby kila kitu. Nilitegemea atafadhaika. Alicheka, kicheko kikavu, akaanza kutembea huku na huku.

"Nitawaambia ukweli," akasema. "Siku mia na hamsini na tisa za mtu, ishirini na moja za mikono. Ile mashine yao inasukuma mguu, haina hata jina, na wanaiita sayansi. Mjane akisukuma iwe nini, uchawi?"

"Uzito ni ratili tisa, Daktari."

"Na nitawaandikia ratili tisa! Sifichi kitu. Alonza, kaka yangu, tumebakiza mlango mmoja tu."

Nilijivunia ile siku kumfanyia kazi. Naisema hapa kwa sababu baadaye tuliambiana maneno mengine.

Wageni walikuja Jumanne, wawili, mwanamume wa kuandika na mama mmoja wa Kizungu anayeitwa Haverkamp, mwenye nywele za mvi zilizokatwa fupi. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, nikashindwa. Alisikiliza. Aliuliza maswali ya mtu anayejua kazi. Daktari Mosby alipofika kwenye zile siku ishirini na moja, mama yule alimgeukia Bi Ruthell, aliyekaa pembeni na gauni lake jeupe la uhudumu wa kanisa na glavu nyeupe, akavua miwani yake akajifuta macho.

"Kwa upande wangu inatosha," akasema. "Nitaitetea. Limebaki jambo moja. Tunauchukua mguu wenyewe. Utakatwa vipande vyembamba ili tuone kama una nyufa ndani. Ukiwa mzima, fedha mmepata."

Daktari Mosby alikuwa anatabasamu na machozi yanamtoka.

"Utarudi?" akauliza Bi Ruthell.

"Vipande, mama, ndiyo. Tunaweza kukurudishia vipande."

Glavu nyeupe zikashikana mapajani. "Basi uchukueni," akasema. "Hosie atasubiri."

"Alonza," akasema Daktari Mosby, "utuletee mguu."

Kabati liko chumba cha pili. Nikafungua, nikaifungua ile foronya, nikausimamisha juu ya meza yangu ya kazi. Ulikuwa mzuri. Sijawahi kutengeneza kitu kizuri kama ule. Nilijua hauna ufa. Ningeuweka mikononi mwa yule mama, na mwaka huo huo watu thelathini wangeanza kuinuka vitini, na mimi ningekufa nikiwa na heshima zangu. Nilikuwa nimeshaushika kuupeleka. Ndipo nikasikia nyuma ya mlango wa korido kiatu kimoja. Kimya. Kiatu. Kimya. Kisha mtu kuegemea ukuta, kama anavyoegemea mtu aliyechoka kusubiri.

Sikufungua. Niliurudisha mguu kwenye foronya, nikafunga kabati, nikarudi kwa wageni mikono mitupu.

"Samahani," nikasema. "Mguu haupo. Nimeshamzikia Shemasi jana."

Daktari Mosby akafumba macho. Alikuwa ameuona asubuhi ile ile. Angeweza kusema. Mpaka leo sijui kwa nini hakusema mbele yao. Mama Haverkamp akafunga daftari lake taratibu, akasema anasikitika, na nikaona kweli anasikitika.

Gari lao lilipoondoka Daktari Mosby alinikamata kwenye korido.

"Kautoe. Nitawakimbilia uwanja wa ndege."

"Sitoi."

"Ni watu thelathini, Alonza! Thelathini wa kuanzia tu, na unawaacha vitini kwa ajili ya mmoja aliyekwisha kufa!"

"Nilimwahidi."

"Na mimi nilimwahidi mama yangu!" Alipiga ukuta kwa kiganja. "Unadhani wewe tu ndiye una maiti?"

"Wataukata vipande, Verlean. Mwili wa mtu wetu, vipande, ili wajifunze. Wale wa zamani walikuja na mkokoteni. Sisi tumewaandalia na fomu."

"Ni kaboni na mpira! Si mwili wa mtu!"

Alikuwa na haki. Nilijua ana haki wakati ule ule ninaobishana naye, na bado ufunguo wa kabati sikuutoa mfukoni. Ni ukaidi? Ni woga wa kile nilichokisikia? Nimejiuliza sana. Najua tu kwamba mkono wangu haukuinuka.

Mchana ule mimi na Bi Ruthell tulikwenda makaburini. Nilichimba upande wa miguuni mpaka koleo likagusa ubao, nikaushusha mguu kwa mikono, kisigino chini, nikafukia. Udongo ulikuwa bado laini. Bi Ruthell alisimama na gauni lake jeupe, tope jekundu likipanda viatuni, hakuimba, hakuomba.

"Ningewapa, Alonza," akasema tulipokuwa tunarudi kwenye gari.

"Najua, mama."

"Ningewapa, na nisingelala tena mpaka nife. Lakini ningewapa."

Asubuhi iliyofuata nikakaa mbele ya kompyuta kuanzia saa kumi na mbili. Hapakuja kitu. Wala siku iliyofuata. Nitasema uongo nikisema sikuvunjika moyo.

Barua ya Washington ilikuja vuli, na adabu zake zote. Viti vya mahafali vikaletwa kabla ya Krismasi, vikapangwa mpaka darini, na meza yangu ya kazi ikawa chini yake. Daktari Mosby akachukuliwa na chuo kikuu cha jimbo, kwenye mashine ile. Mguu wa tope hawakuutaka, wakampa kazi nyingine. Tukikutana kwenye msiba ananipa mkono, jina langu halitaji. Mimi nimebaki Tabor. Vile viti vikivunjika natengeneza mimi, kama baba.

Kile kidole cha Bi Ruthell, chenye bendeji, hakikupona. Nilikiona siku ile jikoni na sikukiuliza, kwa sababu nilikuwa nasikiliza nyayo za mfu. Mwaka wa pili ubovu ukapanda mguuni, wakakata chini ya goti. Safari hii alisimamia mwenyewe. Alikataa kulazwa mpaka waandike kwamba watampa mguu wake, na wakampa, ndani ya boksi. Mimi ndiye niliyeuchimbia, pembeni ya Hosie. Wakampa pia mguu wa dukani. Aliutumia wiki tatu. Mvua ikanyesha, akaanguka kwenye njia ya kwenda bustanini, akalala kwenye tope saa mbili nzima kabla jirani hajamwona.

Nilikwenda kumwona asubuhi moja mwezi uliopita. Mguu wa dukani ulikuwa nyuma ya mlango.

"Usiutazame," akaniita kutoka barazani. "Njoo huku nje."

Alikuwa kwenye kiti, blanketi mapajani, siyo chini ya dari bali kwenye ukingo kabisa, pale buluu inapoishia. Nilikaa kwenye ngazi. Nilikuwa nimejitayarishia maneno njia nzima, yakatoka yote kwa mkupuo: kwamba ningeutoa ule mguu angekuwa na wake sasa, wa tope, anatembea, kwamba nimemweka kitini mimi, kwa mikono yangu hii, anisamehe. Nililia mbele yake, mtu mzima wa miaka hamsini na saba.

"Umemaliza?" akasema. "Sasa nyamaza. Saa yake imefika."

Jua lilikuwa linapanda juu ya njia ya kokoto. Nikakisikia kisigino kikipanda ngazi, kando yangu kabisa, na nyuma yake kwii. Kisha kiatu cha kulia. Kisha kisigino, kwii. Kikanipita, kikatembea ukingoni mwa baraza mpaka kwenye kiti chake, kikageuka, kikarudi.

"Unasikia anavyotembea?" akasema Bi Ruthell. Alivuta blanketi kidogo, kumpa nafasi. "Miaka miwili na zaidi, kila siku, mvua, jua. Haujavunjika. Ungewaambia wale watu wako, Alonza. Mguu ni mzima."

Nikajikuta nahesabu. Nilihesabu mpaka mia na arobaini na moja, kisha nikapoteza hesabu, na hata nisingeipoteza hapakuwa na mtu wa kumpelekea.